Makauboi Wanaopendana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Riwaya za Mapenzi za Ranchini

Hizi ni riwaya za namna gani hasa?

Ni riwaya za mapenzi ambamo wanaume wawili wanapendana, na penzi lao linakulia ranchini, katikati ya ng'ombe, farasi, seng'enge, matope na deni la benki. Nyingi zinatokea magharibi ya Marekani: Texas, Oklahoma, Colorado, Wyoming, Montana. Chache ziko Alberta huko Kanada, na nyingine Australia. Sharti lake kubwa ni moja na halichezewi: mwisho uwe wa furaha, au angalau uache matumaini. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani kinaeleza hivyo hivyo kwa riwaya zote za aina hii, wawe wapenzi ni nani na nani. Kitabu ambacho mmoja wa wapenzi anazikwa kwenye kurasa za mwisho kinaweza kuwa kizuri kupita kiasi, ila kitafute kwenye rafu nyingine.

Kwa hiyo si kama ile filamu ya makauboi wawili mlimani?

Swali hili huja mapema kuliko yote, na jibu ni hapana. Filamu hiyo, *Brokeback Mountain*, ilitoka mwaka 2005 na ikampa Ang Lee tuzo ya Oscar ya uongozaji. Ilitokana na hadithi fupi ya Annie Proulx iliyochapishwa kwenye jarida la *The New Yorker* mwaka 1997. Inaanza mwaka 1963 Wyoming, vijana wawili wamepewa kibarua cha kiangazi. Na kibarua chenyewe, watu husahau, ni cha kuchunga kondoo, wala si ng'ombe. Wanapendana, wanaachana, wanaoa, wanakutana kwa kujificha miaka na miaka, kisha mmoja anakufa.

Baadaye Proulx alisema kwenye mahojiano kwamba anatamani asingeiandika hadithi ile. Kilichomchosha ni wasomaji waliokuwa wakimtumia miswada yao, wameiandika upya ili iishe vizuri. Waliona amewakosea, basi wakaamua kumrekebishia. Mwandishi ana haki ya kukasirika, kwa sababu hadithi yake ilihusu chuki ya watu wa mahali pale na jinsi inavyomkaa mtu moyoni hata akiwa peke yake porini. Lakini mimi nawaelewa pia wale wasomaji. Riwaya tunazozizungumzia hapa zimeandikwa kwa kiu ile ile: wale wawili wapate nyumba, wapate ng'ombe wao, wazeeke pamoja kibarazani.

Msomaji anayetoka kwenye filamu hiyo akaingia kwenye riwaya hizi hushangaa kidogo. Hukaa akisubiri msiba, na msiba hauji.

Kwa nini ranchi? Kwani watu hawapendani mjini?

Wanapendana. Na wengi watakujibu kwamba ni kofia, buti na mabega mapana. Sikatai, majalada yenyewe yanasema hivyo, na nusu ya vitabu hivi jalada lake ni kifua kisicho na shati. Lakini ukisoma vya kutosha utaona kinachosukuma hadithi ni kitu ambacho hata mtu wa Moshi au Kisii anakijua vizuri: ardhi ya baba, na nani atabaki nayo.

Wapenzi wa mjini wakigombana, mmoja anahama chumba. Ranchini haihamiki. Ng'ombe mia tatu hawajui kwamba mmekasirikiana, kesho alfajiri wanataka nyasi. Jirani anayewasema kanisani ndiye huyo huyo mtakayemhitaji siku ya kupiga ndama chapa, kwa sababu kazi ile huifanya kijiji kizima, leo kwako kesho kwangu. Tena mara nyingi ranchi yenyewe haiko yote mikononi mwa mwenyewe: sehemu ya malisho ni ardhi ya serikali ya Marekani, inayokodishwa kwa vibali ambavyo kwa kawaida ni vya miaka kumi. Kibali kina jina la mtu. Hati ya shamba ina jina la mtu. Mkopo wa benki una jina la mtu. Hapo ndipo swali la "wewe ni nani kwangu?" linapoacha kuwa la mahaba na kuwa la makaratasi.

Kuna kisa cha kweli kutoka Oklahoma kilichoonyeshwa kwenye filamu ya hali halisi mwaka 2004. Wanaume wawili waliishi na kufanya kazi kwenye ranchi moja zaidi ya miaka 20. Hati ilikuwa kwa jina la mmoja. Alipofariki aliacha wosia wa kumwachia mwenzake kila kitu, lakini wosia ule ulikuwa umepungukiwa na sahihi ya shahidi mmoja. Sheria ya jimbo inataka mashahidi wawili. Binamu za marehemu wakaenda mahakamani, na mahakama ikaubatilisha. Kama wangekuwa mke na mume, mwenzi asingetoka mikono mitupu hata bila wosia. Hawa sheria iliwaona kama watu baki.

Ndiyo maana mwaka ambao hadithi inatokea una maana kubwa. Wyoming na Montana zilianza kufungisha ndoa za watu wa jinsia moja mwishoni mwa 2014, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaziruhusu nchi nzima tarehe 26 Juni 2015. Riwaya inayotokea mwaka 1995 na nyingine inayotokea 2018 zinaweza kuwa na wahusika wale wale na kofia zile zile, lakini ofisi ya mwanasheria ni tofauti kabisa. Nikiri tu kwamba mimi hutokwa na machozi kwenye ukurasa wa wosia kuliko kwenye ukurasa wa busu la kwanza.

Makauboi wa namna hii walikuwapo kweli, au ni ndoto za waandishi?

Walikuwapo. Alfred Kinsey, mtafiti wa Kimarekani wa mambo ya ngono, katika utafiti wake maarufu wa mwaka 1948 kuhusu wanaume, aliwataja waziwazi wafugaji, watu wa ng'ombe, watafuta madini na wakata magogo wa sehemu za mbali kama watu ambao kwao jambo hili lilikuwa linajulikana na halikuleta makelele mengi, ilimradi mtu afanye kazi yake na awe mwenzi mzuri wa wenzake.

Mapema kabla yake, mshairi wa makauboi Badger Clark, ambaye baadaye alikuwa malenga rasmi wa kwanza wa jimbo la South Dakota, aliandika shairi la kauboi anayemlilia mwenzake aliyekufa. Lilieleweka kama shairi la urafiki. Usome leo uamue mwenyewe.

Halafu kuna rodeo, yaani mashindano ya makauboi. Mwezi Oktoba 1976 mjini Reno, Nevada, Phil Ragsdale aliandaa rodeo ya mashoga kuchangisha fedha kwa ajili ya wazee. Zikaenea majimbo mengine, na mwaka 1985 kikaundwa chama chao cha kimataifa, ambacho hadi leo kinaendesha mashindano. Wanapanda mafahali na kutupa kamba kama rodeo nyingine yoyote, ila wana pia mchezo wao wa timu ya watu wawili kukimbilia mbuzi na kumvisha chupi. Mbuzi hapendi. Watazamaji wanapenda sana.

Makauboi si wazungu watupu?

Sinema ndizo zilizotudanganya. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba enzi za kuswaga ng'ombe kutoka Texas kwenda kwenye reli za Kansas, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa Mweusi. Kazi yenyewe, kamba, tandiko, hata namna ya kupiga chapa, walijifunza kwa Wameksiko. Riwaya za mapenzi zilichelewa kuliona hili. Siku hizi wahusika Weusi, wa asili ya Meksiko na wa mataifa ya asili ya Marekani wanaongezeka, na nionavyo vitabu vyao ndivyo vyenye cha kusema zaidi kuhusu ardhi, maana kwao swali la "hii ardhi ni ya nani" halikuanza jana.

Visa vyake huwa vya aina gani?

Kuna mtindo wa mtoto aliyefukuzwa nyumbani akiwa na miaka kumi na minane, anarudi kwa ajili ya mazishi ya baba na kukuta shamba linasimamiwa na mwanamume asiyemfahamu. Huu ndio naupenda kuliko yote, kwa sababu ugomvi wao una msingi: mmoja ana damu, mwingine ana jasho. Kuna bingwa wa rodeo aliyevunjwa na fahali, amerudi kujiuguza. Kuna majirani wanaogombea maji au mpaka. Kuna mtu wa mjini aliyeajiriwa kama mpishi, mhasibu au daktari wa mifugo, naye huwa macho ya msomaji asiyejua tandiko liko mbele au nyuma. Kuna baba mjane mwenye mtoto wa miaka sita ambaye, kwa muujiza, hasumbui kamwe. Na kuna theluji inayowafungia watu wawili kwenye kibanda chenye kitanda kimoja. Theluji ya Montana katika riwaya hizi ina akili sana, huanguka wakati ule ule unaotakiwa.

Nitajuaje kama mwandishi anaijua ranchi, au anapaka rangi tu?

Tazama kalenda kwanza. Ranchi ya ng'ombe wa nyama kule kaskazini ina mwaka wake: ndama huzaliwa kuanzia Februari hadi Aprili, chapa na chanjo huja masika, nyasi hukatwa na kufungwa Julai na Agosti, na vuli ng'ombe hukusanywa kutoka milimani, ndama wakauzwa. Fedha huingia mara moja kwa mwaka, hapo kwenye mnada wa vuli. Mhusika anayelipa deni lake lote mwezi Mei kwa kuuza ndama waliozaliwa Machi, mwandishi wake hajawahi kuuliza.

Kisha angalia farasi. Farasi wa kazi huwa ni aliyehasiwa au jike. Dume kamili mweusi mwenye hasira, ambaye shujaa peke yake ndiye anayemweza, ni mapambo. Tena hakuna mtu anayempiga farasi mbio kutwa nzima. Kwa sehemu kubwa ni mwendo wa pole, na siku nyingi mtu hapandi kabisa, anatumia pikapu au pikipiki ya magurudumu manne, kwenye kiti cha pembeni amejaza koleo, waya, sindano na chupa za dawa.

Lakini kipimo changu cha mwisho ni usiku wa kuzalisha. Mtamba anayezaa mara ya kwanza huangaliwa kila baada ya saa chache, usiku kucha, kwenye baridi inayogandisha kope. Ndama akija sawa, miguu ya mbele hutangulia na pua imelala juu yake. Mguu mmoja ukiwa umekunjika nyuma, mtu huvua koti, anajipaka kilainishi hadi begani, anaingiza mkono, anasukuma ndama arudi ndani kidogo ili apate nafasi ya kuunyoosha. Halafu mnyororo mwembamba unafungwa juu ya kifundo, na wawili wanavuta pale tu mama anaposukuma, wakielekeza chini. Ndama akitoka hapumui, wanamchokoa puani kwa unyasi mpaka apige chafya. Kisha anywe dang'a mapema, maana bila dang'a hana kinga.

Mwandishi anayejua hutumia usiku huo kufanya kazi ambayo wengine wanaifanya kwa kurasa ishirini za kutazamana. Wanaume wawili wamelowa damu na ute, hakuna aliye mzuri wa kutazama, mmoja anasema "subiri" na mwingine anasubiri. Ukishawaona wanavuta pamoja huhitaji kuambiwa kwamba wanaaminiana.

Kuna na jambo jingine ambalo wafugaji wa kule hufanya: ng'ombe aliyefiwa na ndama akikataa kumnyonyesha ndama yatima, humchuna yule aliyekufa na kumvika yatima ile ngozi mpaka mama amkubali kwa harufu. Nimeliona likitumika kwenye riwaya kama picha ya mtoto wa kambo au ya mwanamume anayeingia kwenye nyumba ya mjane. Likitajwa mara moja na kuachwa, linachoma. Likifafanuliwa, limekufa.

Nani huviandika?

Wengi ni wanawake, na wasomaji wengi pia ni wanawake. Vilipata nguvu miaka ya 2000 kupitia kampuni ndogo za vitabu vya kielektroniki, wakati ambapo wachapishaji wakubwa walikuwa hawavitaki, kisha waandishi wakaanza kujichapishia wenyewe. Wapo wanaume mashoga wanaoviandika. Andrew Grey ni mmoja wao, na ana mfululizo mzima wa ranchi.

Manung'uniko yapo, na mengine ni ya haki. Baadhi ya wanaume mashoga wanasema wahusika wa vitabu hivi ni wanasesere: hawana marafiki mashoga, hawajui historia yao, na wakwe zao wote hubadilika tabia ndani ya sura mbili. Kuna ukweli. Ila mimi sipimi kwa jinsia ya mwandishi, napima kwa ile sura ya wakwe. Mama akimkubali mwanawe baada ya chakula kimoja cha jioni, nafunga kitabu. Akichukua muda, akikosea tena baada ya kuomba radhi, naendelea.

Kuna mambo ya chumbani?

Kwa kawaida ndiyo, na wazi. Vipo vinavyofunga mlango na kukuacha nje, lakini ndivyo vichache. Maelezo ya kitabu na maoni ya wasomaji hukuambia mapema.

Hizi riwaya zote ni za Marekani tu?

Australia ina fungu lake, na lina ladha tofauti. Mashamba ya ng'ombe ya Northern Territory ni makubwa kiasi kwamba jirani wa karibu anaweza kuwa mwendo wa saa kadhaa kwa gari, na ng'ombe hukusanywa kwa helikopta. *Red Dirt Heart* ya N.R. Walker, iliyotoka mwaka 2014, iko huko: mwenye shamba kijana aliyemrithi baba yake, na Mmarekani kutoka Texas anayekuja kujifunza kazi. Ukitaka kuanza na kitabu kimoja, anza na hicho. Ni chepesi, kina joto la kweli, na tatizo lake kubwa ni lile lile la maneno ya baba yanayoendelea kutawala nyumba baada ya baba kufa.

Ukitaka upande wa giza, ambao si riwaya ya mapenzi kwa kipimo chochote, soma *The Power of the Dog* ya Thomas Savage, ya mwaka 1967. Savage alikulia ranchini Montana na anaandika kamba za ngozi na chuki ya ndugu kama mtu aliyevishika vyote viwili. Jane Campion aliifanyia filamu mwaka 2021.

Kuvisoma huku kwetu ni kosa?

Tutenganishe mambo. Sheria za Kenya (kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, hadi miaka 14) na za Tanzania (kifungu cha 154, kuanzia miaka 30 hadi maisha) zinaadhibu tendo. Kusoma riwaya si tendo hilo. Lakini nchi zote mbili zina vifungu dhidi ya machapisho ya aibu, ambavyo vinamgusa zaidi anayeuza au kusambaza, na baadhi ya vitabu hivi vina kurasa ambazo ofisa akitaka kuziita hivyo hatapata shida. Uganda ni kali zaidi: sheria ya mwaka 2023 inaadhibu hata "kukuza" ushoga, hadi miaka 20, na neno hilo ni pana kama ziwa. Kenya iliipiga marufuku filamu ya *Rafiki* mwaka 2018 kwa sababu ilionyesha penzi la wasichana wawili likiwa na matumaini. Mahakama ikaruhusu ionyeshwe siku saba tu, na kumbi za Nairobi zikajaa.

Kwa hiyo, usisambaze mafaili kwenye makundi ya WhatsApp, usimtumie mtu ambaye hakuomba, na kama simu yako inapita mikononi mwa watu wa nyumbani, kumbuka kwamba programu ya kusomea huonyesha majalada. Yale ya vifua.

Nataka kuandika ya kwangu, niiweke kwenye ranchi ya huku. Inawezekana?

Inawezekana, ila usinakili Wyoming ukabadilisha majina. Ranchi za Tanzania tunazozijua kwa majina, Kongwa na wenzake, ni za kampuni ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1968, na kijana wa pale ni mwajiriwa ama mwekezaji mwenye kitalu, si mrithi. Laikipia, huko Kenya, kuna mashamba makubwa yaliyoanza enzi za ukoloni, na wachungaji wake wana madai yao ya zamani juu ya ardhi hiyo hiyo. Kajiado kulikuwa na ranchi za pamoja, ambapo aliyeandikwa kwenye rejista ndiye mwanachama, kisha zikagawanywa na watu wengi wakauza. Kila moja ya hizi inampa mpenzi wako tatizo tofauti. Kijana wa Kajiado ambaye baba yake ameuza ekari zote kwa mtu wa Nairobi ana hadithi kabla hujamletea mtu wa kumpenda. Na furaha ya mwisho itabidi uitafutie mahali pa kukaa, kwani ile ya arusi kwenye zizi, na mchungaji wa kanisa anatabasamu, huku haitaaminika.

Swali dogo: kuna mnyama anayekufa?

Farasi mzee wa marehemu baba, mara nyingi ndiyo, karibu na theluthi ya mwisho. Ndama, jiandae. Mbwa huwa anapona, hata akiumwa na nyoka.